Mashine Zinazokufa Zikiwa Zimesimama

Mwezi wa nane Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, ni mwezi wa vumbi na pumba. Mpunga umeshatoka shambani, mashine za kukoboa zinanguruma kutwa, malori yamejipanga kusubiri mzigo, na kila mwenye magunia anapiga hesabu auze sasa au avute subira bei ipande. Pawatila, yale matrekta ya mkono, hazina kazi. Zilivuruga majaruba tangu mvua za Desemba, zikabeba mpunga kwenye matela kuanzia Mei, na sasa zimeegeshwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kando ya ghala. Mgeni akipita ataziona zote ni sawa. Mwenyeji anajua ipi imepumzika na ipi imekufa. Iliyopumzika imefunikwa turubai, na hendeli yake iko ndani kwa mwenye mali. Iliyokufa haina mfuniko wa tangi, belti zake zimechukuliwa kufungia mzigo kwenye baiskeli, na kuku ametaga ndani ya tela.

Makala haya yanahusu hizo zilizokufa, na watu wanaozichukua kwa mkupuo. Kutengeneza mashine ya mteja aliyekuja asubuhi akilalamika kwamba inatoa moshi mweusi ni kazi ambayo fundi yeyote wa hapa anaiweza, na jioni ameshalipwa. Ninayemzungumzia ni yule anayenunua, au anayekabidhiwa kwa makubaliano ya kugawana, mashine saba, nane au kumi ambazo hazijaguswa kwa miaka. Hazina karatasi. Hakuna anayekumbuka ziliugua nini kabla ya kuachwa. Nyingine zimeshanyofolewa nozeli, nyingine hazina hata hedi, na ndani ya chombo cha hewa cha mojawapo panya wamelea watoto. Kuchukua mzigo wa namna hiyo ni kazi nyingine, ina akili yake na hasara zake, na Ubaruku imekuwa darasa zuri la kazi hiyo bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo.

Sababu ni maji. Tambarare ya Usangu inapokea mito inayoshuka kutoka milima ya kusini, na Mto Mbarali ni mmojawapo. Wasangu ndio wenyeji, lakini kilimo cha mpunga wa kumwagilia kinahusishwa zaidi na Wabaluchi waliohamia huku nyakati za Mwingereza. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa China, ikajenga Shamba la Mpunga la Mbarali, zaidi ya hekta 3,000 zenye mifereji, kinu na mtambo mdogo wa umeme wa maji, likawa chini ya shirika la umma la NAFCO. Baadaye likaja la Kapunga. NAFCO ikafa, mashamba yakauzwa kwa wawekezaji miaka ya 2000, na pembeni mwa mifereji hiyo mikubwa wakulima wadogo wakaendelea kuongezeka: Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na ng'ombe wao. Leo ukitaja Mbarali katika soko lolote la nafaka, mtu anafikiria mchele. Wapenzi wa soka wanafikiria pia Ihefu, timu iliyokuwa na makao yake hapa hapa Ubaruku, ambayo Novemba 29, 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2–1 na kukatisha mechi 49 za ligi bila kupoteza. Timu yenyewe ilishahamia Singida na kubadilishwa jina. Pawatila zimebaki.

Zilikuja kwa wingi baada ya Agosti 3, 2009, siku ambayo Rais Jakaya Kikwete alizindua mpango wa Kilimo Kwanza mjini Dodoma. Halmashauri nchi nzima zilinunua matrekta hayo ya mkono na kuyagawa kwa vikundi vya wakulima, kwa kawaida kikundi kikichangia sehemu ya bei. Katika wilaya nyingi ilikuwa sherehe ya picha tu. Pawatila ni mashine ya topeni. Ina magurudumu mawili, injini ya dizeli ya silinda moja, na nyuma rotavata ya visu vinavyokata udongo uliolowa. Ukiipeleka kwenye udongo mkavu uliogandamana itarukaruka, itamchosha anayeishika, na msimu wa pili itakuwa imeegeshwa ofisini kwa mtendaji. Mbarali haikuwa na tatizo hilo. Hapa udongo ni wake na maji ni yake. Waliozipata kwa vikundi walizitumia, na waliokosa wakanunua kwa fedha zao. Kwa hiyo rundo la mashine zilizokufa Ubaruku haliwezi kuelezwa kwa maneno rahisi ya kwamba zilipelekwa mahali pasipofaa. Zilifaa sana, zikafanya kazi, halafu zikafa.

Zilikufaje? Swali hili nililiuliza kwa mafundi kadhaa kwenye karakana za pembeni mwa barabara, na majibu yao yalikuja yakifanana. Wengi wetu tunadhani mashine huuawa na kazi. Mafundi wa pawatila wanakuelekeza kwenye miezi ya Agosti mpaka Novemba, wakati mashine haifanyi lolote.

Chukua giaboksi. Msimu wa kuvuruga, ekseli inazunguka ndani ya tope kuanzia asubuhi hadi jioni, na kitu pekee kinachozuia maji ya jaruba yasiingie kwenye gia ni sili mbili za mpira, kila moja ndogo kuliko kisahani cha kikombe. Tope lina mchanga, mchanga unakula sili, maji yanaingia kidogo kidogo. Mashine ikiwa kazini maji hayo yanachanganyika na oili, kila kitu kinazunguka, na hakuna anayegundua. Ikisimama, oili na maji vinaachana. Maji yanatulia chini, yanazigusa beringi, na kwa miezi minne hayana kazi nyingine ila kuzioza. Desemba mwenyewe anapiga hendeli, injini inawaka vizuri, anaingiza gia, anasikia mlio kama wa kusaga karanga. Anasema mashine imeharibika leo. Iliharibika Septemba.

Au chukua mfumo wa dizeli. Dizeli iliyobaki kwenye tangi kwa muda mrefu inavuta unyevu, na unyevu huo unashuka mpaka kwenye plunja ya pampu na sindano ya nozeli. Vipande hivi viwili vimekatwa kiwandani kwa usahihi wa mikroni, hata msasa laini kabisa ni adui kwao. Kutu ya kiasi cha alama ya kidole inatosha kuvikwamisha. Injini yenyewe inaweza kuwa nzima kuanzia juu mpaka chini, na bado isiwake kwa sababu ya kitu kinachoweza kupotea kwenye kiganja.

Maji ya kupoozea nayo yana kesi yake. Injini nyingi za aina hii hazina rejeta ya kisasa. Zina chombo cha wazi juu ya silinda, unamimina maji, yanachemka, unaongeza. Shambani unaongeza kwa maji yaliyo karibu, yaani ya mfereji. Maji ya mfereji yana tope. Maji yanakwenda na mvuke, tope linabaki. Nimeona laina ikitolewa kwenye injini moja na nyuma yake kukawa na udongo mgumu uliojaa nafasi yote ambayo maji yalipaswa kupita, umeokwa mpaka unagongwa kwa patasi. Mwenye mashine alikuwa amelalamika misimu miwili kwamba inachemka, akawa anaongeza maji. Ya mfereji.

Mzigo niliouona ukishughulikiwa ulitoka kwenye kikundi kilichovunjika. Sitakitaja, na wala hakina upekee. Historia yake ni ya vikundi vingi. Mashine zilikuwa za wote, dereva alikuwa wa zamu, hela ya matengenezo ilikuwa kwa mweka hazina, na mweka hazina alikuwa na shida zake. Ya kwanza ilipokwama walichukua nozeli ya ya pili. Ya pili ilipohitajika wakachukua nozeli ya ya tatu. Mwisho wa mchezo huo kila mashine ilikosa kitu kimoja na hakuna iliyokuwa nzima. Kisha ikaja miaka ya kutoelewana nani auze na fedha zigawanywe vipi, na wakati wanajadiliana kutu haikusubiri muhtasari wa kikao. Fundi aliyezichukua alizipata kwa bei ya kukaribiana na chuma chakavu.

Wanunuzi wa chuma chakavu ndio washindani wake wakubwa. Wanapita na mizani na pikipiki za matairi matatu, wanalipa taslimu, hawaulizi maswali. Bloku ya injini ni chuma cha kwenda kuyeyushwa kwenye viwanda vya nondo. Pistoni, na vifuniko vya aluminiamu, vinaweza kuishia karibu zaidi: kwa wayeyushaji wa mitaani wanaotengeneza masufuria mazito yale ya kupikia ubwabwa wa shughuli. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mchele wa Ubaruku umewahi kupikwa ndani ya pistoni ya pawatila ya Ubaruku. Fundi hawezi kushindana kwa kilo. Anachoweza ni kufika kabla, na kumshawishi mwenye mali kwamba mashine mbili zikifufuka atapata zaidi ya zote zikipimwa kwenye mizani.

Siku ya kwanza fundi hakugusa spana. Alizipanga zote mstari mmoja uani, kijana wake akaziosha kwa maji na brashi mpaka namba zikasomeka, halafu fundi akapita na kipande cha chaki. Kwenye injini za Kichina namba hizo zinasema mengi kwa anayejua kuzisoma. Ukiona S195, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, moja, na 95 ni kipenyo cha silinda hiyo kwa milimita. S1100 ni silinda moja ya milimita 100. ZS1115 ni moja ya milimita 115. Injini ya 195 iliyotengenezwa kiwanda kimoja cha China itapokea ringi, laina na gasketi za kiwanda kingine, kwa sababu mchoro mmoja ulisambazwa kwenye viwanda vingi na kila kimoja kikabandika jina lake. Kwa mtu mwenye rundo la mashine za majina tofauti, hii ni neema. Majina matano kwenye mstari ule yalikuwa injini moja. Injini za Kubota, za Kijapani, ziko mbali na hizo. Ni imara, zinapendwa, lakini spea zake ni za ukoo wake na bei yake ni ya ukoo wake.

Baada ya hapo ndipo panapokuja uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio ufundi wenyewe: ipi ichinjwe. Kila mzigo wa mashine zilizotelekezwa unahitaji moja au mbili za kuchinja, zitoe viungo ili nyingine zipone. Mtu asiyejua atachinja ile mbovu kuliko zote. Hilo ni kosa, kwa sababu mbovu kuliko zote haina cha kutoa. Ya kuchinja ni ile yenye ugonjwa mmoja mkubwa usiotibika, bloku iliyopasuka kwa mfano, lakini vingine vyote vizima: krenki nzuri, gia nzuri, pampu nzuri, mpaka nati. Mara nyingi ndiyo inayovutia macho kuliko wenzake, rangi bado inang'aa, na mwenye mali akipita anaishika bega na kusema hii ndiyo ianze. Fundi anaitikia, Sawa mzee, halafu akigeuka anaiwekea alama ya msalaba.

Marekani kuna watu wanaokabiliana na uamuzi huohuo mbele ya mashine ambazo fundi wa Ubaruku hajawahi kuziona. Zinaitwa pinboli. Ni meza ya mchezo iliyoinamishwa kidogo, juu ina kioo, ndani mpira wa chuma wa gramu 80 hivi unarushwa kwa springi, unagonga vizuizi na taa, na mchezaji anauzuia usitumbukie kwa vibapa viwili vinavyosukumwa na koili za umeme. Nyingi zilitengenezwa Chicago, ambako David Gottlieb alitoa mashine yake ya Baffle Ball mwaka 1931 na kuuza maelfu kwa maelfu wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa kuwa senti moja ilikununulia dakika chache za kusahau shida. Jiji la New York lilizipiga marufuku mwaka 1942 likizihesabu kuwa kamari. Meya Fiorello La Guardia alipigwa picha akizivunja kwa nyundo. Marufuku iliondolewa mwaka 1976 baada ya mwandishi mmoja kijana, Roger Sharpe, kucheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba mpira unakwenda anakotaka mchezaji. Kisha ikaja michezo ya video, na mwaka 1999 kampuni ya Williams, iliyokuwa kubwa katika biashara hiyo, ikaacha kuzitengeneza.

Zilizobaki ziliishia kwenye magereji, maghala na vyumba vya chini vya nyumba, na kwa kuwa wapenzi wa mchezo huo hawanunui moja, akifa mtu mmoja familia inajikuta na thelathini. Hapo anatafutwa wa kuzichukua zote. Anayejulikana zaidi ni Tim Arnold, aliyekusanya zaidi ya mashine 1,000 na mwaka 2006 kufungua jumba la pinboli Las Vegas, ambako zinachezwa badala ya kutazamwa. Watu wa kazi hiyo wana sharti moja wanaloanza nalo: mashine iliyolala muda mrefu usiichomeke kwenye umeme kabla ya kuifungua. Ndani kuna betri ndogo zilizowekwa kutunza kumbukumbu ya matokeo. Zikisahaulika zinavuja, na majimaji yake yanakula njia za shaba kwenye bodi. Kuna waya zilizotafunwa na panya. Kuna fyuzi ambayo mtu aliwahi kuizungushia karatasi ya foili ya pakiti ya sigara ili mchezo uendelee jioni ile, na ukiwasha leo itaunguza koili. Mashine ilikuwa salama kiasi ilipoachwa. Miaka ya kukaa ndiyo iliyoimaliza. Na wao pia wana za kuchinja.

Nilimsimulia fundi habari hizo wakati akifungua ya pili kwenye mstari. Suala la betri lilimwingia mara moja. Suala la watu wazima kulipia kuuzuia mpira usitumbukie lilimchukua muda.

Hiyo ya pili ilikuwa imekwama. Hendeli haikusogea hata ukining'inia. Sharti la kutowasha kwanza linamhusu naye, kwa namna yake: injini iliyokwama usiivute kwa gari ili ijilazimishe kuzunguka, kwa sababu ringi zilizoshikana na laina zitavunjika na vipande vyake vitachora mifereji ndani ya silinda. Nimeona ikifanywa hivyo mahali pengine, kwa kamba na gari aina ya Canter, watu wakishangilia. Huyu alimwaga oili ya zamani kwenye beseni. Ilitoka na rangi ya kijivu, maji yameshaingia, maana yake oringi za chini ya laina zimeoza. Alifungua nozeli, akaishusha injini kutoka kwenye fremu kwa msaada wa kijana wake na mti mrefu, wakaisimamisha hedi ikitazama juu. Hapo kuna jambo ambalo vitabu vya injini za magari havikufundishi. Silinda ya injini hizi imelala. Ukimimina dawa bila kuisimamisha, dawa inakaa upande wa chini tu na upande wa juu wa pistoni unabaki mkavu. Akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu la nozeli, akaziba kwa kitambaa, akaenda kushughulikia nyingine.

Siku zilizofuata kazi ilikuwa kupita hapo asubuhi na jioni, kuongeza dawa, na kuisukuma flaiwili kwa bomba refu. Hakuvuta kwa nguvu. Alikuwa anaijaribu mbele kidogo, nyuma kidogo, akisikiliza kwa mkono. Siku iliposogea ilisogea upana wa kucha, na hakuna aliyeshangilia. Aliirudisha ilikotoka, akaisogeza tena, mpaka upana wa kucha ukawa upana wa kiganja. Hedi ilipofunguliwa laina ilikuwa na doa moja la kutu la upande wa chini, lenye umbo la nusu mwezi, mahali ambapo maji yalikuwa yamekaa. Doa hilo liliihukumu laina. Pistoni ilipona.

Spea ndipo penye vita. Laina, ringi, oringi, gasketi na sili za 195 zinapatikana Mbeya mjini, na zisipopatikana, mtu anapiga simu Kariakoo, Dar es Salaam, na mzigo unapakiwa kwenye basi. Kupatikana si tatizo. Tatizo ni kwamba kwenye rafu moja kuna ringi za bei tatu ndani ya boksi za rangi moja, na jina la kiwanda limeandikwa vilevile kwenye zote. Ringi mbovu inaisha msimu mmoja. Sili mbovu haifiki hata katikati ya msimu, na mkulima hamlaumu muuzaji wa Dar es Salaam asiyemjua, anamlaumu fundi wa Ubaruku anayekutana naye msikitini au kanisani. Kwa hiyo mafundi wamejijengea vipimo vyao. Ringi wanaiingiza ndani ya laina mpya na kupima pengo la ncha zake kwa kipimo cha bati; wengine wanaidondosha sakafuni na kusikiliza inavyolia. Sili wanaikunja. Beringi wanaizungusha kavu karibu na sikio. Visu vya rotavata wengi wameacha kununua kabisa, wanavikata kutoka kwenye springi za malori yaliyokufa, wanavikunja motoni na kuvichovya kwenye oili. Wanasema vinadumu kuliko vya dukani, na kwa jinsi vya dukani nilivyoviona vimepinda, siwezi kubisha.

Hapa nina ugomvi na waliotuletea mpango wa vikundi. Halmashauri ilinunua mashine, ikapiga picha, ikaandika taarifa ya idadi. Bajeti ya spea haikuwepo, au ilikuwepo kwenye karatasi. Dereva alifundishwa kuwasha na kukata kona. Hakuna aliyemfundisha afanye nini siku ya mwisho ya msimu, ilhali mambo yenyewe yanatosha kuandikwa nyuma ya bahasha. Mwaga maji yote. Badilisha oili ya giaboksi ikiwa bado ya moto, ili maji yatoke nayo. Jaza tangi la dizeli mpaka juu, unyevu ukose nafasi. Zungusha flaiwili kwa mkono mpaka usikie injini inakaza, uiache hapo hapo: wakati huo valvu zote mbili zimefunga, na hewa yenye unyevu haiingii kwenye silinda. Funika. Ni kazi ya nusu siku isiyohitaji fundi. Wilaya hii ina chuo cha kilimo Igurusi, Mbeya mjini kuna VETA na SIDO. Sioni kwa nini somo la nusu siku lishindikane mahali ambapo fedha za mashine nzima zilipatikana.

Kwa upande mwingine, vikundi vingekuwa makini hivyo, fundi wetu asingekuwa na mzigo wa kununua. Hilo alilisema mwenyewe, akicheka, mikono imejaa grisi.

Mpaka Oktoba inaisha mstari wa uani ulikuwa umebadilika sura. Mbili zilikuwa zimechinjwa mpaka kubaki fremu, na fremu moja ilishauzwa iwe tela. Nne zilikuwa zinawaka, moja kati ya hizo kwa moshi wa bluu ambao fundi alisema utapungua ringi zikishakaa, na mimi nilichagua kumwamini. Zilizobaki zilikuwa zinasubiri vitu mbalimbali, hela ikiwa kimojawapo. Mjadala uliokuwepo sasa ni wa biashara. Ukiuza pawatila iliyofufuliwa mwezi wa kumi unapata hela leo, wakati mahitaji ya nyumbani na ada yanakaribia. Ukiibakiza na kuikodisha kwa ekari, Januari na Februari watu watapanga foleni, wengine wakiahidi kulipa kwa magunia wakati wa mavuno, na ahadi za magunia zina tabia ya kupungua uzito kadiri Juni inavyokaribia. Mke wa fundi alitaka mbili ziuzwe. Kijana wake alitaka apewe moja aiendeshe, walipane nusu kwa nusu. Fundi alitaka kununua mzigo mwingine, alikuwa ameusikia upande wa Madibira, mashine sita, za kikundi.

Nilipokuwa naondoka alikuwa ametoka kuchukua kifurushi kwenye basi la Dar es Salaam. Alikifungulia palepale stendi, juu ya tangi la pikipiki. Oringi zilikuwa sawa. Laina ilikuwa sawa. Nozeli ilikuwa ya 1115 badala ya 195, na kabla hajairudisha kwenye boksi alikuwa ameshapiga simu Kariakoo na kuanza kwa salamu ndefu, ya heshima, ya mtu anayejua kwamba bado ana mashine tatu zinazomhitaji yule wa upande wa pili.